Joseph Stiglitz: Mchumi aliyepingana na IMF akiwa ndani ya Benki ya Dunia

Jina la Joseph Stiglitz husikika mara kwa mara kwenye taarifa za habari, hasa yanapozungumzwa madeni ya nchi za Afrika, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, au kodi za makampuni makubwa ya kigeni. Ni Mmarekani, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, na mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2001. Kisichotajwa sana ni kwamba sehemu ya fikra zilizompatia tuzo hiyo ilianza kuiva akiwa Nairobi.

Kutoka mji wa chuma hadi Kenya

Stiglitz alizaliwa mwaka 1943 mjini Gary, katika jimbo la Indiana, mji uliokua kwa sababu ya viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa wakala wa bima na mama yake mwalimu. Akiwa kijana aliona wafanyakazi wakipunguzwa kazini, migomo, na Wamarekani weusi wakibaguliwa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi, alishiriki maandamano ya Washington ambako Martin Luther King alitoa hotuba yake maarufu. Miaka minne baadaye alipata shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, akiwa na umri wa miaka 24.

Vitabu vya uchumi vya wakati huo vilifundisha kwamba bei na mishahara vikiachwa huru, soko litajirekebisha lenyewe na kila anayetaka kazi ataipata. Mwaka 1969 Stiglitz alikwenda Nairobi kufanya utafiti katika taasisi ya masomo ya maendeleo ya chuo kikuu. Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka sita ya uhuru. Vijana walikuwa wakitoka vijijini kwenda mjini kutafuta kazi zisizotosha, na hata hivyo mishahara ya viwandani haikushuka kama vitabu vilivyotabiri. Stiglitz mwenyewe ameandika kwamba kipindi hicho kilikuwa muhimu sana kwake, kwani kilimlazimu kuyafikiria mambo upya kuanzia kwenye msingi.

Anachokijua muuzaji

Hoja aliyoijenga ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kwenda mnadani. Ukinunua ng'ombe, muuzaji anajua kama anatoa maziwa mengi au kama aliugua mwezi uliopita. Wewe hujui. Bei mnayoafikiana haiwezi kuwa sahihi kikamilifu, maana mmoja ana taarifa na mwingine hana. Stiglitz alionyesha kwamba hali hii imo karibu katika kila soko, na kwamba ndiyo sababu soko likiachwa peke yake mara nyingi halileti matokeo yanayosifiwa vitabuni.

Mwaka 1974 alichapisha utafiti kuhusu wakulima wanaolima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Wachumi wengi waliuona mtindo huo kuwa wa kizamani, na walishangaa kwa nini haufi. Stiglitz alieleza hivi: mwenye shamba akiajiri kibarua kwa mshahara, hawezi kumsimamia kutwa ili ajue kama analima kwa bidii. Akikodisha shamba kwa fedha taslimu, mvua isiponyesha hasara yote inamwangukia mkulima. Kugawana mavuno ni njia ya kati, ambapo hasara inabebwa na wote wawili na mkulima bado ana sababu ya kujituma. Lakini bidii hiyo si kamili, kwa kuwa nusu ya kila gunia la ziada inakwenda kwa mwingine.

Kisha mwaka 1981, akiwa na mwenzake Andrew Weiss, aligeukia mikopo. Kwa nini benki inamkatalia mkulima aliye tayari kulipa riba kubwa zaidi? Jibu lao ni kwamba benki haimjui mkopaji. Ikipandisha riba sana, watu waangalifu wanajitoa, wanabaki wale wa kubahatisha ambao huenda wasilipe. Kwa hiyo benki inaona heri ikatae. Maana yake, kuruhusu benki nyingi zifunguliwe hakutoshi kufikisha mkopo kijijini.

Mwaka 1990 aliandika pia kuhusu vikundi vya kukopeshana. Alisema nguvu yao ni kwamba wanachama wanafahamiana na wanaweza kuangaliana, jambo ambalo ofisa wa benki hawezi kulifanya. Wakati huohuo alionya kwamba mdhamini anabeba mzigo wa jirani yake. Walio kwenye vikoba au chama wanalijua hilo vizuri, pengine kuliko profesa.

Ugomvi wa Washington

Kuanzia mwaka 1995 Stiglitz aliongoza baraza la washauri wa uchumi wa Rais Bill Clinton, na mwaka 1997 akawa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia. Mwaka huohuo alikwenda Ethiopia. IMF ilikuwa imesimamisha mkopo wake kwa nchi hiyo, ingawa mfumuko wa bei ulikuwa mdogo na uchumi ulikuwa ukikua. Moja ya madai ya IMF lilikuwa Ethiopia ifungue soko lake la fedha. Waziri Mkuu Meles Zenawi alikataa, na Stiglitz alimuunga mkono. Alitoa mfano wa jirani, Kenya, ambako benki 14 zilianguka mwaka 1993 na 1994 baada ya soko kufunguliwa, na riba haikushuka kama ilivyotarajiwa.

Muda mfupi baadaye msukosuko wa fedha ulianzia Thailand na kuenea hadi Indonesia na Korea Kusini. IMF ilitaka riba zipandishwe na matumizi ya serikali yabanwe. Stiglitz alisema hadharani kwamba dawa hiyo inazidisha ugonjwa. Ni nadra kwa kiongozi wa Benki ya Dunia kuikosoa IMF waziwazi, kwani ofisi zao zinatazamana mtaa mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2000 alikuwa ameshaondoka.

Kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu athari za utandawazi kilisomwa dunia nzima. Hapingi biashara kati ya mataifa. Anachokipinga ni kanuni zinazoandikwa na wenye nguvu. Marekani iliwapa ruzuku kubwa wakulima wake wa pamba wapatao 25,000, huku nchi maskini zikiambiwa ziondoe ruzuku zao. Pamba nyingi ikaingia sokoni na bei ikashuka. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003, na mkulima wa Shinyanga au Simiyu naye anauza kwa bei inayofuata soko hilohilo.

Wanaompinga

Kenneth Rogoff, aliyekuwa mchumi mkuu wa IMF, alimjibu mwaka 2002 kwa barua ya wazi yenye maneno makali. Alidai Stiglitz anailaumu IMF bila haki. Hoja hiyo ina uzito: nchi huiendea IMF ikiwa hali imeshaharibika.

Stiglitz naye amekosea. Mwaka 2002 alishiriki kuandika utafiti kwa ajili ya Fannie Mae, kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba nchini Marekani, uliosema uwezekano wa serikali kulazimika kuiokoa ni mdogo mno. Mwaka 2008 serikali iliichukua, na walipa kodi wakabeba mzigo. Kwa mtu aliyejenga jina lake kwa kueleza jinsi wakopeshaji wanavyoshindwa kuwajua wakopaji, hilo lilikuwa kosa la kuaibisha.

Akiwa amevuka miaka 80, bado yuko kazini. Mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini alimteua kuongoza kamati ya wataalamu kuhusu pengo kati ya matajiri na maskini, wakati nchi hiyo ikiwa mwenyekiti wa kundi la G20. Miongoni mwa wajumbe alikuwa Winnie Byanyima wa Uganda. Kamati hiyo ilipendekeza kiundwe chombo cha kimataifa cha kufuatilia pengo hilo, kama kile kinachofuatilia mabadiliko ya tabianchi.