Kuni Zisizochorwa: Wajibu wa Msanifu Majengo Arua na Koboko

Mwaka 1993, wasanifu majengo waliokutana Chicago chini ya umoja wao wa kimataifa, UIA, walitoa tamko la kuweka uhifadhi wa mazingira katikati ya taaluma yao. Tangu hapo kauli hiyo imerudiwa mpaka imekuwa kama dua ya kufungulia mkutano. Sina ugomvi na nia yake. Nina ugomvi na dhana iliyo chini yake, kwamba msanifu ni mtu anayechora jengo, basi adaiwe alichore vizuri zaidi. Katika kitongoji cha Mvara, na katika mji wa Arua, Uganda, kwa jumla, nyumba nyingi hazijawahi kupita kwenye meza ya msanifu. Fundi amezijenga kwa makubaliano ya mdomo na kwa vipimo alivyovizoea. Ikiwa wajibu unaanzia kwenye mchoro, hapa wenye wajibu ni wachache mno.

Baadhi ya wenzangu hujibu kwa sheria. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, na ile ya udhibiti wa ujenzi ya 2013 inadai kibali. Zitekelezwe, wanasema, na mambo yatanyooka. Nakubali nusu. Hata siku ambayo kila nyumba ya Arua itakuwa na mchoro uliotiwa saini, uharibifu utaendelea kupita palepale unapopita leo, kwenye mstari mmoja wa mchanganuo wa vifaa na gharama: kuta, matofali ya kuchoma.

Mstari huo unasomeka kana kwamba matofali huota. Udongo huchimbwa bondeni, hufyatuliwa kwa kalibu ya mbao, hukaushwa, kisha matofali hupangwa kuwa tanuri lenye vichochoro chini. Humo husukumwa magogo. Fito hazifai, kwa sababu moto unatakiwa kuwaka polepole, usiku na mchana. Nje hukandikwa tope, na joto jingi hupotea hewani. Ya katikati yakiiva, ya pembeni hubaki mabichi, na yaliyo karibu mno na moto hupinda. Yote yamekula kuni zilezile. Gogo lenyewe mara nyingi ni mwembe mzee, mti wenye shina nene ambao mwenye shamba anaweza kuuuza mmoja mmoja karo inapodaiwa. Mkadiriaji majenzi haandiki mwembe popote. Anaandika idadi ya matofali na bei yake, na kuni zinakuwa zimelipwa bila kutajwa.

Kuhusu ukataji miti West Nile, mkoa zilipo Arua na Koboko, lawama zimekuwa zikizunguka. Kwa miongo mingi zilikuwa za ukaushaji wa tumbaku. Baada ya kambi ya Bidi Bidi kufunguliwa Yumbe, jirani na Koboko, mwaka 2016, ziliwaangukia wakimbizi kutoka Sudan Kusini na majiko yao. Amri ya rais ya mwaka 2023 dhidi ya mkaa wa biashara iliwaelekea wachoma mkaa. Msanifu hajaguswa hata mara moja, na yeye ndiye mwenye elimu ya kujua ukuta wake umetoka wapi.

Maandishi ya taaluma yamechangia upofu huu. Maxwell Fry na Jane Drew katika kitabu chao cha 1956 kuhusu usanifu wa nchi za joto, na Otto Koenigsberger baada yao, walitufundisha kivuli, upepo na upenu mpana. Arua iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi, na la mchana hupiga bati. Jengo refu lilazwe mashariki hadi magharibi. Hilo halina ubishi na halina gharama. Lakini shule yao ilihesabu jua, haikuhesabu kuni. Takwimu za Umoja wa Mataifa nazo zinazopachika majengo takribani asilimia 37 ya hewa ukaa inayotokana na nishati hubeba kwa wingi joto na ubaridi wa nyumba zinazokaliwa. Mkoa uliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea bwawa dogo la Nyagak na jenereta, hauna viyoyozi vya kuhesabu. Hapa nyumba hulipa deni lake kubwa kabla hajaingia mtu.

Mbadala upo, na umezaliwa nyumbani. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliendeleza matofali ya kufungamana: udongo unaochanganywa na saruji kidogo, aghalabu asilimia 5 hadi 10, ukakandamizwa kwa mashine ya mkono na kumwagiliwa wiki kadhaa bila moto wowote. UN-Habitat ilichapisha kitabu juu yake mwaka 2009. Wapinzani wanasema saruji hiyo husafirishwa kutoka Tororo, upande wa pili wa nchi. Kweli, lakini tofali la kuchoma, kwa kuwa halilingani, hudai kiungo kinene na lipu nene, na saruji hiyo pia hutoka hukohuko. Hoja ya kupata maji ya kumwagilia matofali hayo wakati wa kiangazi ni nzito zaidi.

Pingamizi lililobaki ni la heshima. Africa Inland Mission ilifika Arua mwaka 1918, na kanisa na shule vikaufanya ukuta wa tofali jekundu kuwa alama ya aliyeendelea, fundi akaiga. Ndiyo maana nakipa uzito kituo cha sanaa cha Bidi Bidi, kazi ya kampuni za usanifu za Hassell na LocalWorks, chenye kuta za matofali ya udongo yasiyochomwa na paa linalokinga maji ya mvua, na hospitali ya watoto ya Entebbe aliyoisanifu Renzo Piano, iliyofunguliwa 2021 kwa kuta za udongo ulioshindiliwa. Yote mawili ni ya wafadhili, na hayathibitishi kitu kuhusu bei. Yanathibitisha tu kwamba udongo mbichi si ukuta wa maskini.

Kama tofali jekundu lilienea kutoka majengo ya umma, litaondoka kwa njia hiyohiyo. Michoro ya madarasa hurudiwa wilaya baada ya wilaya. Kubadilisha mstari mmoja humo kunaokoa miti mingi kuliko majumba kumi ya maonyesho. Anayetia saini adaiwe kueleza tofali litachomwa kwa kuni gani, za shamba lipi, na akishindwa asipewe kibali. Hili nalidai kwa shule, zahanati, makanisa na misikiti. Kwa nyumba za watu binafsi ningesubiri mpaka mashine ya kukandamiza ikodishwe Koboko kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaimudu.