Kisiwa Kisicho na Watu

Sisi tukaao Nyeri tumezoea kuutazama Mlima Kenya alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Apandaye mlima huo kwa njia ya Naro Moru hupita katika Bonde la Teleki, na si mbali na hapo liko Bonde la Höhnel. Majina hayo ni ya wageni wawili kutoka dola ya Austria na Hungaria waliofika huku mwaka 1887: Samuel Teleki, tajiri aliyependa kuwinda, na Ludwig von Höhnel, mwanamaji aliyechora ramani za safari. Walifuatana na wapagazi wengi wa pwani, wakiongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Lakini yeye hakupewa bonde.

Kutoka mlimani msafara ulishika njia ya kaskazini, na mwezi wa Machi 1888 ukafika penye ziwa kubwa jangwani. Teleki aliliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa ufalme wa kwao, nalo likaitwa hivyo hadi mwaka 1975, lilipopewa jina la Turkana. Upande wa kusini kilionekana kisiwa cheusi, ambacho ramani zilikiita Kisiwa cha Höhnel, ingawa Höhnel mwenyewe hakukikanyaga.

Mwaka 1934 wataalamu walioongozwa na Vivian Fuchs walikuja kulichunguza ziwa. Wawili kati yao walivuka kwa mashua kwenda kisiwani humo, wasirudi tena. Walitafutwa wasionekane, na hata leo hakuna ajuaye kwa hakika yaliyowapata. Fuchs huyo ndiye aliyeongoza safari ya kwanza kulivuka bara la barafu la kusini, mwaka 1957 na 1958. Lakini ziwa hili lilimnyang'anya wenzake.

Kisiwa hicho kina eneo la kilometa za mraba 39, na kilitokana na moto wa chini ya ardhi. Hakuna kijiji humo. Mamba huota jua ufukoni, na ndege hutua kwa wingi. Tangu mwaka 1983 ni hifadhi ya taifa. Wageni huvuka kwa mashua kutoka Loiyangalani, nao hawana budi kuuchunga upepo, maana huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi ghafula. Waelmolo, wavuvi wa pwani hiyo, walikuwa wakilipita ziwa juu ya magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja, zamani kabla halijaingia katika ramani ya Höhnel.

Basi, mwanafunzi, usidhani kwamba mahali pakishapewa jina pamekwisha kujulikana. Usomapo ramani, uliza ni nani aliyepaita hivyo, na ni nani aliyepajua kabla yake.