Kimo na Mfiko: Vipimo Viwili vya Kununulia Baiskeli ya Triathloni

Mtu aliyetenga dola 3,000 au 4,000 kwa ajili ya baiskeli ya triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yuko mahali pagumu. Fedha hizo ni nyingi mno kutumiwa kwa kubahatisha, tena ni chache mno kununua kila kinachosifiwa dukani. Atatajiwa fremu ya kaboni, gia za umeme, ringi pana za kukata upepo, breki za diski. Vyote hivyo vina faida yake na vyote vina bei yake. Lakini chini ya picha na sifa hizo huwekwa jedwali la milimita ambalo wanunuzi wengi hulipita, na ndani yake mna namba mbili zinazostahili kusomwa kabla hata ya bei. Watengenezaji huziandika kwa Kiingereza stack na reach. Hapa nitaziita kimo na mfiko.

Chukua baiskeli iliyosimama wima juu ya sakafu iliyo sawa. Tazama mhimili wa pedali, yaani ile ekseli ambayo kwayo krenki zote mbili zimefungwa. Kisha tazama mdomo wa juu wa bomba la mbele la fremu, pale shina la uma linapochomoza kushika usukani. Kimo ni umbali wa wima kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi usawa wa mdomo wa bomba hilo. Mfiko ni umbali wa mlalo, wa kwenda mbele, kati ya nukta hizohizo mbili. Kiti hakimo katika hesabu, wala urefu wa bomba lake. Zimechaguliwa nukta mbili tu: moja ambayo miguu huizunguka, na nyingine inayobeba kila kitu ambacho mikono itakiegemea.

Kulinganisha fremu kwa namna hii kulienezwa na Dan Empfield, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Quintana Roo, ambayo mwaka 1989 ilitoa Superform, baiskeli inayohesabiwa kuwa ya kwanza kubuniwa mahususi kwa triathloni. Kabla ya vipimo hivyo, saizi ya baiskeli ilikuwa urefu wa bomba la kiti kwa sentimita: 54, 56, 58. Namba hiyo ilikuwa na maana enzi ambazo boriti ya juu ya fremu ililala sambamba na sakafu, kwa kuwa fremu yenye bomba refu la kiti ilikuwa kubwa pande zote. Boriti zilipoanza kuinamishwa, namba ikabaki ikipima kitu kisichomgusa tena mpandaji. Siku hizi fremu ya M ya kampuni moja yaweza kuwa ndefu kuliko ya L ya kampuni nyingine, na herufi hizo hazikuelezi ni ndefu kwenda juu au kwenda mbele.

Hapo ndipo neno "urefu" linapotushinda. Mti mrefu unakwenda juu, barabara ndefu inakwenda mbele, na Kiswahili kinatosheka na neno moja kwa yote mawili. Kwenye fremu, mambo hayo mawili ndiyo hasa tunayotaka kuyatenganisha. Kimo hakina utata huo. Mtu ana kimo na mlima una kimo, lakini hakuna anayesema kimo cha barabara. Kwa upande wa pili, "umbali" ni pana mno, na "ufikiaji" limekwisha kuzoeleka katika habari za kupata huduma na taarifa. Mfiko linatokana na kufika, ni fupi, linaingia katika ngeli ya mruko na mtupo, na wingi wake, mifiko, hautatizi ulimi. Msomaji akisikia "mfiko wa fremu hii ni milimita 420" anaelewa kuwa kuna kitu kinafika mbele kwa kadiri hiyo.

Kukopa maneno si vibaya. Gia, breki, pedali na krenki vyote vilikuja na majina yake, na mafundi wetu wanayatumia bila shida. Lakini pedali unaweza kumwonyesha mtu kwa kidole. Kipimo hakionyeshwi kwa kidole, kwa hiyo jina lenyewe lazima libebe maana.

Sasa kwa nini vipimo hivi vitangulie kaboni na gia? Kwa sababu ya upepo. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa mashindano, nguvu kubwa ya mwendesha baiskeli huishia katika kusukuma hewa, na sehemu kubwa ya kinachosukuma hewa ni mwili wake, si baiskeli. Tena upepo haupandi sawasawa na mwendo. Anayetoka kilomita 30 kwa saa kwenda 33 ameongeza mwendo kwa asilimia 10, lakini nguvu ya kuushinda upepo imepanda kwa takriban asilimia 33. Hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuipata nguvu hiyo kwa mazoezi ya mwezi mmoja. Lakini anaweza kulaza mgongo, kukusanya viwiko mbele ya kifua na kuinamisha kichwa, na upepo ukapungua bila misuli kuongezwa.

Dunia ililiona jambo hili tarehe 23 Julai 1989, siku ya mwisho ya Tour de France. Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, na zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris, kila mmoja peke yake dhidi ya saa. LeMond alifunga mikono ya kulalia kwenye usukani wake, kifaa ambacho wanatriathloni wa Marekani walikuwa tayari wanakitumia. Fignon alishika usukani usio na mikono hiyo, kichwa wazi, nywele zimefungwa nyuma. LeMond alitwaa taji kwa tofauti ya sekunde 8. Mikono hiyo haikuwa kitu pekee kilichoamua siku ile, lakini baada yake hakuna aliyekidharau tena kifaa hicho.

Kulala mbele kuna gharama yake. Ukiinamisha kiwiliwili huku kiti kikiwa palepale, paja linapopanda linaligonga tumbo, nyonga inabanwa, pumzi inakatika. Kwa hiyo baiskeli ya triathloni husogeza kiti mbele. Pembe ya bomba la kiti kwenye baiskeli ya kawaida ya barabara huwa nyuzi 72 hadi 74. Kwenye ya triathloni huwa 76 hadi 80. Kwa kiti kilicho sentimita 72 kutoka mhimili wa pedali, kutoka nyuzi 73 hadi 78 ni kusogea mbele karibu sentimita 6. Mwili mzima unazungushwa kuelekea mbele, nyonga inabaki wazi, na mtu anashuka kwenye baiskeli akiwa bado na miguu ya kukimbilia. Kwa kuwa kiti kimesogea, vipimo vya zamani vilivyoanzia kwenye kiti havikufai kitu. Kimo na mfiko huanzia kwenye mhimili wa pedali, nukta ambayo haisogei.

Jedwali nalo lina mtego wake, na naomba msomaji atulie hapa. Tuseme fremu ya kwanza ina kimo cha 500 na mfiko wa 420. Ya pili ina kimo cha 530 na mfiko wa 410. Mnunuzi mwenye mikono mirefu ataiona ya pili kuwa fupi na kuiacha. Lakini bomba la mbele halisimami wima. Limeinama kuelekea nyuma, mara nyingi kwa pembe ya nyuzi 72 hivi. Ukitaka kuinua usukani wa fremu ya kwanza kwa milimita 30, kwa kupachika pete chini ya shingo ya usukani, kila unapopanda milimita 10 unarudi nyuma takriban 3. Ukifika kwenye kimo cha 530, mfiko wako umeshuka hadi 410. Fremu hizo mbili ni sawa kwa urefu wa kwenda mbele. Tofauti ni kwamba ya kwanza imekufikisha hapo ikiwa na mnara wa pete shingoni, na ya pili imekufikisha ikiwa safi. Basi usilinganishe mifiko ya fremu mbili kabla ya kuvisawazisha vimo vyake.

Kwa mwanatriathloni safari haiishii kwenye mdomo wa bomba. Hashiki usukani kwa viganja tu. Analaza viwiko kwenye pedi. Kwa hiyo kuna kimo cha pedi na mfiko wa pedi, vinavyopimwa kutoka mhimili uleule wa pedali hadi mahali kiwiko kinapotua. Hivi ndivyo vipimo vya mwili wako, na vya fremu vipo ili kuvitumikia. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: kwanza mlipe mtu anayejua kupima mkao, upande baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ya mazoezi, mtafute mkao unaoweza kuukalia, uondoke na namba mbili za pedi na kimo cha kiti chako. Ndipo ukatafute fremu inayozifikia namba hizo bila kupindapinda. Wengi hufanya kinyume: hununua kwanza, kisha huanza kuulazimisha mwili.

Wanaoanza hupenda kimo kifupi, kwa sababu picha za mabingwa zinaonyesha migongo iliyolala kama meza. Mimi ningewashauri wapande kidogo. Mkao wa chini unaouvunja kila baada ya dakika tano ili kupumzisha shingo una upepo mwingi kuliko mkao wa juu kidogo unaoushikilia kilomita 90 nzima. Yeyote anayejiandaa kwa mbio za nusu ya masafa marefu ya triathloni kama za Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, zilizoanza 2022, ataogelea kilomita 1.9, ataendesha 90, kisha atakimbia 21.1. Shingo na nyonga zitaulizwa maswali kwa saa nyingi.

Baiskeli ya bei ya kati ina heri moja ambayo matangazo hayaitaji. Zile za bei ya juu kabisa mara nyingi zina shingo, usukani na pedi vilivyoumbwa pamoja, na kubadilisha kimo cha pedi kunahitaji vipande vya kampuni ileile. Kikipotea kimoja, au kikivunjika safarini, utasubiri. Za bei ya kati, nyingi kati yake, zina shingo ya kawaida na mikono ya kulalia inayofungwa kwa boliti zinazojulikana. Fundi yeyote makini anaweza kuishusha, kuirefusha, kuifungasha kwa ajili ya ndege. Kwa anayeishi mbali na maduka ya kampuni hizo, hili lina uzito kuliko gramu mia tatu za kaboni.

Gia za umeme nazo si anasa hapa. Swichi za gia za waya kwenye baiskeli hii huwekwa kwenye ncha za mikono ya kulalia tu, kwa hiyo ukiinuka kushika usukani wa nje, mlimani au kwenye kona, huwezi kubadilisha gia bila kuachia mkono mmoja. Za umeme huwekewa vitufe sehemu zote mbili. Tangu kampuni ya SRAM ilipotoa gia za Rival AXS mwaka 2021 na Shimano ikaleta 105 ya umeme mwaka 2022, uwezo huo umeshuka hadi bei ya kati. Katika nchi ya vilima elfu kama Rwanda ningeutafuta. Kwa barabara tambarare ya pwani, gia za waya zatosha.

Kuna swali moja la kumaliza kabla ya yote hayo: mashindano yako ni ya aina gani? Triathloni ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, huruhusu kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, na wanaoshindana humo hutumia baiskeli za kawaida za barabara. Yasiyoruhusu kujikinga ndiyo uwanja wa baiskeli ninayoizungumzia. Ukinunua ya aina isiyo yako, hakuna kimo wala mfiko utakaokuokoa.

Anayenunua iliyotumika, ambayo jedwali lake halipatikani, atapima mwenyewe kwa vifaa vya mwashi. Ihakikishe sakafu kwa pima maji, simamisha baiskeli gurudumu la nyuma likiugusa ukuta. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya mhimili wa pedali, kisha hadi mdomo wa bomba la mbele, toa cha kwanza katika cha pili: hicho ni kimo. Ning'iniza timazi kutoka katikati ya mdomo wa bomba, weka alama sakafuni, fanya vivyo hivyo kwenye mhimili wa pedali. Pima umbali wa kila alama kutoka ukutani: tofauti yake ni mfiko. Kosa la milimita tatu au nne halitakudhuru. Kama muuzaji yuko mji mwingine, mwombe akufanyie hivyo na akutumie picha za utepe wa kupimia, kabla hujamtumia hata shilingi.

Fedha itakayobaki ipeleke kwenye tairi nyepesi kuviringika, mipira ya ndani ya utomvu, na helmeti inayokaa vizuri kichwani. Ringi pana zinaweza kusubiri msimu wa pili. Unaweza hata kuziazima kwa siku ya mashindano. Fremu yenye kimo kisichokufaa haiazimiki.