Usiniambie Jina la Bunduki, Niambie Risasi

Ukitazama filamu yoyote ya makaboi, kuna mlio utausikia kabla hata bunduki haijalia: cha-chak! Jamaa yuko juu ya farasi, anasukuma kile kipini cha chuma kilicho chini ya kifyatulio, anakirudisha, anafyatua, anasukuma tena. Hiyo ndiyo bunduki ya leva. Wengi wetu tunaijua kwa jina moja tu, Winchester, na tumelishwa hadithi moja tu: ati hii ndiyo bunduki iliyoteka Magharibi ya Marekani. Wasee, hayo ni maneno ya tangazo la biashara. Kampuni yenyewe iliyatumia kuuzia bidhaa yake.

Mimi nasema hivi: bunduki ni bomba la chuma na mashine ya kulilisha hilo bomba. Kinachofanya kazi ni risasi. Ukizipanga bunduki za leva kwa umaarufu wa jina, historia itakuchenga. Zipange kwa risasi zake, na utaona nani aliwinda nini, kwa umbali gani, na nani hasa alimmaliza baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu na manyoya.

Tuanze na Henry ya 1860. Benjamin Tyler Henry aliitengenezea kampuni ya Oliver Winchester, mfanyabiashara ambaye pesa zake za kwanza zilitoka kwa kushona mashati. Wakati huo askari wengi walikuwa bado wanashindilia baruti na risasi kwa kijiti kupitia mdomo wa mtutu, na aliye mwepesi alipiga mara 3 kwa dakika. Henry ilibeba risasi kama 16, zimepangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba refu chini ya mtutu. Lilikuwa jambo la ajabu. Lakini angalia kilichomo ndani ya ganda: kichwa cha gramu 14 hivi, kinasukumwa na baruti isiyofika gramu 2. Hiyo ni nguvu ya bastola ndani ya bunduki ndefu.

Winchester ya 1873, ile maarufu kuliko zote, iliongeza kidogo. Risasi yake inaitwa .44-40. Majina haya si ya kutisha: namba ya kwanza ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi, ya pili ni uzito wa baruti kwa greini, kipimo cha zamani ambacho greini 15 hivi ni gramu moja. Kwa hivyo .44-40 ni gramu kama 2.6 za baruti nyeusi na kichwa cha gramu 13. Colt walipoanza kutengeneza bastola ya risasi hiyo hiyo, mtu aliweza kubeba aina moja ya risasi kwa silaha zake zote mbili. Hapo ndipo umaarufu ulipotoka. Ni urahisi ulioiuza, si ukali.

Kwa karibu, wingi wa risasi ni kitu kikubwa. Kwenye vita vya Little Bighorn, Juni 1876, baadhi ya wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walikuwa na Henry na Winchester, huku askari wa George Custer wakiwa na Springfield za kuweka risasi moja moja. Kikosi cha Custer kilimalizwa. Ona basi: hiyo inayoitwa bunduki iliyoteka Magharibi, siku hiyo ilikuwa pia mikononi mwa wenyeji waliokuwa wakilinda Magharibi yao. Tangazo haliwezi kukuambia hilo.

Sasa baisani. Walikuwa makumi ya mamilioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 viwanda vikajua kugeuza ngozi yao kuwa bidhaa, ikiwemo mikanda ya kuzungusha mashine, na wawindaji wa ngozi wakamiminika nyikani. Kufikia 1889 walihesabiwa karibu elfu moja tu. Lakini silaha kuu ya wale wawindaji haikuwa Winchester. Ilikuwa Sharps. Sharps pia ina leva, lakini ni ya kufungua na kufunga tu. Ukipiga risasi moja unaweka nyingine kwa mkono. Kwa nini mtu wa biashara achague bunduki ya risasi moja wakati ya risasi nyingi ipo dukani? Kwa sababu ya kichwa cha risasi. Sharps kubwa ilitupa kichwa cha gramu 30, na ilifika mbali na bado ikampenya mnyama wa kilo mia kadhaa. Yule mwindaji alilala chini mbali na kundi, akapiga polepole, baisani hawakujua hata wakimbilie wapi. Gramu 13 za .44-40 hazingefanya kazi hiyo.

Kwani Winchester walishindwa kuweka risasi kubwa? Walijaribu mwaka wa 1876 kwa kuitanua tu ile bunduki, lakini mashine ya ndani, iliyojikunja na kujinyoosha kama goti, haikuwa ya kubeba presha kubwa. Jibu lililetwa na John Moses Browning, fundi kutoka Ogden, Utah. Bunduki yake ya 1886 ilifunga kwa vyuma viwili vilivyosimama wima pande zote mbili, imara kama mlango wenye komeo mbili. Ikaweza kula .45-70, risasi ya jeshi: kichwa cha gramu 26 kikienda karibu mita 400 kwa sekunde. Hatimaye leva ilikuwa na risasi ya kumwangusha baisani. Shida ni kwamba makundi makubwa ya baisani yalikuwa yamekwisha miaka kadhaa kabla. Kila nikisoma habari hizi, hapo ndipo hunikaa kooni.

Kitu kilichobadilisha kila kitu kilitoka Ufaransa. Mwaka wa 1884 Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Browning alikuwa tayari ameunda Winchester ya 1894, na mwaka wa 1895 ikapewa risasi mpya, .30-30. Hapa namba ya pili ni greini 30 za baruti mpya. Kichwa kikapungua hadi gramu 10 hivi, lakini mwendo ukafika karibu mita 600 kwa sekunde. Risasi nyembamba, bunduki nyepesi ya kilo 3, haikupigi bega kama nyundo. Mkulima, mfanyakazi wa reli, kijana wa shamba, wote waliweza kuinunua na kuitumia kumwinda kulungu. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 7.

Lakini .30-30 ilizaliwa na pingu. Kumbuka risasi zimepangwa ndani ya bomba, pua ya moja ikigusa kitako cha nyingine, na katikati ya kitako ndiko fataki inayowasha baruti iliko. Ukiweka risasi yenye ncha kali, mtikiso wa bunduki unaweza kuifanya ncha iigonge fataki ya mbele yake, na bomba lote lilipuke chini ya mkono wako. Kwa hiyo pua ilibidi iwe bapa au ya mviringo. Pua bapa inasukumana na hewa, inapoteza mwendo haraka. Baada ya mita 150 hivi, .30-30 huanza kuchoka. Kampuni ya Marlin ilileta ushindani mzuri: ganda tupu lilirukia ubavuni badala ya juu kama kwa Winchester, na hivyo darubini ilikaa vizuri juu ya bunduki. Lakini bomba lilibaki lile lile, na pingu ile ile.

Aliyekata pingu ni Arthur Savage, mzaliwa wa Kingston, Jamaica. Bunduki yake ya 1899 haikuwa na bomba chini ya mtutu. Risasi zilikaa tumboni mwa bunduki kwenye gurudumu linalozunguka, kila moja na kikao chake, na kwenye nyingi palikuwa na kidirisha cha kuonyesha zimebaki ngapi. Pua kali ikaruhusiwa. Mwaka wa 1915 ikapata .250-3000, iliyobuniwa na Charles Newton, kichwa kidogo cha gramu kama 5.6 kikienda futi 3,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 900. Kwa uhandisi, Savage iliishinda Winchester mchana kweupe. Sokoni haikuikaribia. Kulungu wengi wa misituni hupigwa karibu, na kwa umbali huo .30-30 ilitosha, tena kwa mashine rahisi zaidi. Kitu bora si lazima kishinde kinachotosha.

Browning naye alikuwa na jibu lake: Winchester ya 1895, yenye magazini ya sanduku chini, risasi zikilala moja juu ya nyingine. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Urusi lilipata karibu 300,000. Na mwaka wa 1904 ilipewa risasi nzito, .405: kichwa cha gramu 19, mita 670 kwa sekunde. Hii ndiyo iliyokuja kwetu.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Aliipenda .405 kiasi kwamba aliiita dawa yake ya simba. Na kwa simba ilikuwa dawa kweli: ngozi nyembamba, umbali mfupi, piga ya pili haraka. Lakini kwa ndovu alitegemea zaidi bunduki nyingine, Holland & Holland ya mitutu miwili kutoka Uingereza, iliyotupa kichwa cha gramu 31. Mwendo wa risasi hizo mbili ulikuwa karibu sawa. Tofauti ni uzito na umbo: kichwa cha .405 ni kinene na kifupi, hakichimbi ndani sana, na kabla ya ubongo wa ndovu kuna mfupa mwingi. Aliyeipenda leva kuliko wote alijua inaishia wapi. Yeye na mwanawe waliangusha wanyama 512.

Hapo mwenyewe nina neno. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria za leseni za kuwinda, na Mwaata wa upande wa Tsavo aliyemfuata ndovu kwa upinde mkubwa, kama babu zake, aliitwa jangili. Na ukifikiria, Mwaata alielewa somo hili kabla ya Browning: upinde ni mtutu tu, sumu ya mti iliyopakwa kwenye mshale ndiyo risasi, na ilimbidi asogee karibu kabisa kwa sababu alijua mwisho wa silaha yake. Mmoja alibebewa mizigo na mamia ya wapagazi na akaandikiwa historia. Mwingine alifungwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, kwa wote, na mimi sioni ubaya.

Ukinilazimisha kuchagua, nachagua .30-30. Si kwa sababu ya filamu, na si kwa sababu ni kali. Ni kwa sababu inamlazimisha mwenye nayo asogee, amwone mnyama vizuri, na akiwa mbali aache. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbia na risasi tumboni kwa siku mbili ni aibu ya mwindaji, na aibu hiyo kwa kawaida huanza pale mtu anapoamini jina lililochorwa kwenye chuma badala ya kujua kilicho ndani ya ganda.

Kama wewe ni wa Savage, lete hoja, tubishane kiungwana. Lakini usinitajie bunduki peke yake. Nitajie na risasi.