Kikoa na Mkate wa Wishwa: Chakula katika Kisa cha Fumo Liyongo

Tukihakiki Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wengi wetu tunakimbilia nguvu za shujaa: kimo chake, sauti yake, upinde wake. Chakula tunakiruka, eti ni pambo tu. Mimi napinga. Kwa maoni yangu, ugomvi wa Liyongo na mfalme wa Pate unapiganwa hasa penye chakula.

Tuanze na kikoa. Liyongo amekimbilia msituni, anaishi na Wasanye na Wadahalo, watu wa kuwinda. Mfalme anawaahidi fedha wamuue. Basi wanamwalika kula kikoa cha makoma: kila mtu kwa zamu yake apande mkoma, awaangushie wenzake. Zamu yake ikifika, wamfume akiwa juu. Kumbe naye mjanja. Anayaangusha makoma kwa mishale. Hapandi ng'o!

Msomaji mwingine atacheka, apite. Sisi tuliokulia Karatu hatuwezi. Jirani zetu Wahadzabe wa bonde la Eyasi ni wawindaji vilevile, na kwao nyama ya mnyama mkubwa ni ya kambi nzima, si ya aliyemfuma peke yake. Kule Ngorongoro, morani wa Kimasai hali peke yake. Wakienda olpul, huchinja ng'ombe porini wakala pamoja. Kwa watu wa namna hiyo, kula pamoja ndiko kuaminiana. Kwa hiyo fedha ya mfalme haikununua mishale tu. Ilinunua kikoa chenyewe. Huo ndio usaliti mzito.

Gerezani mambo yanageuka. Walinzi wanamnyang'anya chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada. Mama yake anaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanafakamia mizuri, wa wishwa wanamwachia mfungwa. Anakata minyororo huku ngoma ikirindima nje. Ulafi wao ndio ufunguo wake.

Linganisha na Robin Hood wa Uingereza: yeye anamlisha mfalme, aliyejigeuza abati, nyama ya paa wa mfalme mwenyewe, na karamu inazaa msamaha. Liyongo hapati karamu hiyo. Anauawa na mwanawe, na maiti yake, imepiga goti na upinde mkononi, inawatisha watu wasisogelee kisima. Mji uliomdhulumu chakula chake sasa unakosa maji. Hivi, bado tutasema chakula ni pambo?