Kutoka Pagazi hadi Gupagasa: Msamiati wa Kazi na Wahamiaji wa Rwanda katika Mashamba ya Buganda

Katika Kinyarwanda kinachosemwa Rebero na vilima vingine vya Kigali, kitenzi gupagasa kina maana ya kwenda kutafuta kibarua mbali na nyumbani. Asili yake ni pagazi, mchukuzi wa mizigo katika misafara ya karne ya 19. Kiganda nacho kina okupakasa, kufanya kazi ya ujira. Neno hilo limebaki katika ncha zote mbili za njia iliyowachukua Wanyarwanda, kupitia Kabale na Mbarara, hadi mashamba ya Buganda.

Sababu za kuondoka zimo pia katika msamiati. Chini ya Wabelgiji, akazi, neno lililotokana na kazi ya Kiswahili, lilikuwa jina la kazi ya shuruti. Kulikuwa na kodi ya kichwa, na ikiboko kwa aliyekaidi. Njaa ya Rwakayihura ya 1928–1929 ilizidisha uhamaji. Kwa hiyo kuueleza uhamaji huo kwa mvuto wa ujira pekee ni kusimulia nusu ya habari: aliyefika na njaa, mbali na jamaa zake, hakuwa na nguvu ya kupatana.

Mwaka 1954 Audrey Richards na wenzake wa Makerere walichapisha uchunguzi wao kuhusu wahamiaji wa Buganda. Wengi waliwalimia wakulima wa Kiganda pamba na kahawa; wengine waliajiriwa katika mashamba ya miwa ya Mehta huko Lugazi na ya Madhvani huko Kakira. Sukari iliyokolea katika chai ya Kampala ilipita mikononi mwao. Kwa mkulima mdogo, kazi ya kutwa au ya kipande huitwa lejaleja hadi leo, nayo ni rejareja ya Kiswahili, neno la dukani. Kama chumvi inavyopimwa kwa kijiko badala ya gunia, ndivyo nguvu za mtu zilivyonunuliwa kidogo kidogo, na mnunuzi wa rejareja hadaiwi makao, matibabu wala chakula cha kesho. Baadhi yao walijitwalia majina ya koo za Kiganda, ishara kwamba jina la Unyarwanda lilikuwa na gharama yake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Majedwali yake ya uhuru wa wafanyakazi yalielekea zaidi kwa wataalamu na mafundi. Mpalizi wa kahawa hakuwa miongoni mwa waliofikiriwa kwanza. Wanaotafsiri na kurekebisha hati hizo kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, watalazimika kuamua neno la kumtaja. Pagazi lilimfanya mbeba mzigo, rejareja likamfanya bidhaa. Hata kibarua, neno linaloonekana halina lawama, lilianza kama kikaratasi cha kumhesabia mtu siku zake.