Santuri, Krispi na Binti wa Msomali

Kila Alhamisi jioni, baada ya mafunzo ya vijana, tunabaki sita au saba kwenye banda letu hapa Kakuma. Kila mmoja huleta vitu viwili: wimbo ambao wenzake hawajausikia, na kitu cha kutafuna ambacho hawajakionja. Spika ni moja, tunaichaji kwa sola. Mmoja akileta krispi za siki, mwingine huleta mhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, vinapita mkono kwa mkono huku wimbo ukicheza. Halafu tunabishana. Sheria ni moja tu: huruhusiwi kusema "mbaya" kabla wimbo haujaisha na mdomo haujawa mtupu.

Mimi ndiye niliyeleta panki na ska. Wengi hapa wanalijua neno panki kwa kinyozi tu. Ugonjwa huu niliupata kwa ndugu yangu aliyepata makazi Uingereza, ambaye anakusanya santuri kuukuu. Alinitumia mbili kwa mkono wa mtu. Mashine ya kuzipigia sina. Nimeziegemeza ukutani, na nyimbo zenyewe nazisikiliza kwenye simu.

Ska ilizaliwa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya rege. Wahamiaji wakaenda nayo Uingereza. Mwaka 1979 Jerry Dammers wa bendi ya The Specials alianzisha lebo ya 2 Tone mjini Coventry. Kazi zilikuwa haba na ubaguzi ulikuwa mwingi, lakini vijana weusi na weupe walipanda jukwaa moja wakaichanganya ska na panki.

Ila aliyenikamata zaidi ni Poly Styrene. Jina lake la kuzaliwa ni Marianne Elliott-Said, alizaliwa mwaka 1957, mama mwenye asili ya Uskoti na Ireland, baba Msomali. Alikulia Brixton, London. Akaongoza bendi ya panki iitwayo X-Ray Spex, na mwaka 1978 wakatoa albamu yao, *Germfree Adolescents*. Aliimba akiwa na vyuma vya meno, na saksafoni ikilia pembeni. Jina la jukwaani alilichukua kwenye plastiki, na nyimbo zake nyingi zilihusu vitu vya dukani na dunia ya kununua na kutupa. Alifariki mwaka 2011.

Nilimsimulia bibi yangu habari zake, nikampa na krispi za siki aonje. Akatafuna polepole, akasema, "Hii ni achari iliyokauka." Kisha akauliza, "Na huyo binti, walimkubali kuwa Msomali?"

Swali hilo kwetu si dogo. Bibi ni Mbajuni wa Chula, aliolewa Kismayo. Huko waliambiwa hawafanani na Wasomali. Mwaka 1992 walikimbia kwa chombo hadi Mombasa, na huko wakaonekana Wasomali. Kambi za pwani zilipofungwa, wakaletwa huku. Na Wabajuni walioomba hifadhi Ulaya wamepimwa lugha, wakaulizwa majina ya visiwa, samaki na vyakula, ili ijulikane kama kweli wanatoka huko. Yaani nyimbo na vitafunio, ambavyo sisi tunaviona mchezo wa Alhamisi, kwa mwingine ni ushahidi wa kuwa yeye ni nani. Mimi niliyezaliwa kambini, na Kiswahili changu hiki cha shule, sijui ningejibu maswali mangapi.

Babu alikuwa na mfuko wa kaseti Kismayo. Siku ya kuondoka nahodha alisema chombo kimelemewa, watu wapunguze mizigo. Mfuko ukabaki ufukweni. Bibi anasema babu hakuwahi kuulalamikia, ila kila aliposikia redio alitaja kaseti aliyokuwa nayo.

Wengine waliwahi. Mwaka 1988, kabla Hargeysa haijapigwa mabomu, watu wa redio na wapenzi wa muziki walificha kanda, nyingine wakazifukia ardhini. Miaka mingi baadaye zilitolewa, na mwaka 2017 baadhi ya nyimbo hizo zikatoka upya kwenye albamu iitwayo *Sweet as Broken Dates*. Taarabu nayo iliwahi: Siti binti Saad alivuka hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwenye santuri. Lakini vave, nyimbo ambazo wakulima wa Kibajuni huziimba usiku kabla ya kuchoma kichaka cha shamba, haziuzwi dukani. Ziko vichwani mwa wazee.

Kuna wanaoniambia niache makelele ya Wazungu nishike ya kwetu. Nawajibu kwa mhogo ule wa pilipili. Nani atasema si chakula cha pwani? Lakini mhogo na pilipili vyote asili yake ni Amerika, vilivuka bahari baada ya Wareno kufika. Hata krispi zenye ladha ni za juzi: kampuni ya Tayto ya Ireland, iliyoanzishwa mwaka 1954, ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kuziuza na ladha ya jibini na kitunguu. Ladha na muziki ni wasafiri, kama sisi. Kupenda cha mgeni hakujaniharibu. Ni panki iliyonifundisha kwamba kitu hudumu kwa sababu mtu fulani alikihifadhi.

Basi mwezi uliopita nilimwomba bibi aniimbie vave kwenye simu. Mbili zilitoka nzima. Ya tatu aliimba nusu, akanyamaza, akaniangalia. "Imekwenda, babangu. Ungeniuliza mwaka jana."

Alhamisi ile nilipiga nusu hiyo kwenye spika. Hakuna aliyetafuna. Mwenye mzee nyumbani, Alhamisi ijayo aje na sauti yake. Krispi nitaleta mimi.